Tundu la moto la gumegume: kubwa si ndiyo bora

Bunduki za gumegume, yaani za kale zinazowashwa kwa cheche za jiwe linalogonga chuma, zilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pwani. Zilidumu Afrika kwa sababu Mkataba wa Brussels wa 1890 uliibana biashara ya silaha mpya lakini ukaacha nafasi kwa gumegume zenye mtutu laini ndani. Ndiyo maana hata leo Mwanza utasikia mengi kuhusu tundu la ubavuni linalopitisha moto kutoka kisahani cha nje chenye baruti ya kuwashia hadi ndani ya mtutu. Mengi si kweli.

Dhana: Tundu likipanuliwa, bunduki haikosi kuwaka.

Hili ndilo linaloharibu mitutu mingi ya kale. Mafundi wa bunduki za shabaha za aina hii huanza na kipenyo cha milimita 1.6 hivi, na wengi hawavuki 2. Ukitoboa kutoka 1.6 hadi 2.4, eneo la njia ya moshi linaongezeka zaidi ya mara mbili. Nguvu iliyopaswa kusukuma goroli inatokea ubavuni, tena ikiwa moto mkali unaoweza kumuunguza aliyesimama kulia kwa mpigaji. Baruti laini nayo huchuruzika nje wakati wa kushindilia. Na tundu halibaki lilivyo: kila mlio unalila kidogo, ndiyo sababu mafundi wa Uingereza walilizungushia dhahabu au platini kwenye bunduki za bei kubwa.

Ni kweli kwamba tundu dogo mno huishia kuwasha kisahani peke yake. Lakini mara nyingi shida ni unene wa ukuta wa mtutu, kwani moto unalazimika kupita njia ndefu. Dawa yake ni kulitanua upande wa ndani kama faneli, mdomo wa nje ubaki mdogo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, si ya drili ya mtaani.

Kabla ya kulaumu ukubwa, tazama uchafu. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hubaki kama masizi na chumvi baada ya kuungua, na chumvi hizo hunyonya unyevu. Kwenye hewa ya ziwani wakati wa masika tundu huziba upesi. Maji ya moto huyeyusha uchafu huo, na waya mwembamba wa shaba hulizibua.

Dhana: Jaza kisahani mpaka tundu lifunikwe.

Baruti ikijaa tunduni huungua punje kwa punje kama utambi, na mlio unachelewa. Weka kidogo, tundu libaki wazi, joto la mwako lipite lenyewe.

Dhana: Jiwe ndilo linalotoa cheche, basi hata la milima yetu linafaa.

Cheche ni vipande vya chuma cha pua vilivyokwanguliwa na ukingo mkali wa jiwe. Miamba ya Mwanza ni matale (graniti), ambayo humeguka chembechembe na hayatoi ukingo huo.

Dhana: Gobore la babu ni kumbukumbu tu, halihitaji kibali.

Kuwa na gobore bila leseni ni kosa Tanzania, hata kama ni la urithi. Lipeleke polisi.

Dhana: Lisipolia, limekufa.

Moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani. Anayelipiga kihalali aendelee kulielekeza kusiko na mtu kwa dakika nzima au zaidi, wala asichungulie mdomoni mwa mtutu.