Taharuki si kushtuka

Juma lililopita nilimsikia kijana mmoja akimsifia mwenzake filamu ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, iitwayo Onaayum Aattukkuttiyum, akisema kwamba imejaa taharuki kwa kuwa watu wanapigwa risasi usiku kucha. Filamu hiyo ni nzuri, na taharuki imo kweli, ila haimo katika risasi. Neno hili limeanza kubandikwa kila filamu yenye bastola, kelele au damu, na nimelisikia hivyo mara nyingi mno kiasi cha kushindwa kunyamaza.

Katika usimulizi, taharuki ni hali ya moyo kutotulia inayotokana na kujua kwamba jambo fulani linakuja, bila kujua litafikaje wala litaishaje. Maana ni hiyo.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, taharraka, yaani kusogea au kutikisika, na mzizi wake ndio uleule uliotupa haraka na harakati. Kiswahili kilipolipokea kililihamisha kutoka mwilini hadi moyoni: aliyetaharuki huenda amekaa kitini kimya, lakini ndani yake hapakaliki. Kwa hiyo magazeti hayakosei yanapoandika kwamba taharuki imetanda mtaani baada ya moto kuzuka. Hapo watu wana roho juu, na mzizi wa zamani unaonekana waziwazi. Kinachonisumbua ni yale tuliyokariri darasani, kwamba taharuki ni hamu ya kutaka kujua kitakachofuata. Hamu ni sehemu tu ya jambo hili. Waarabu wenyewe, wanapoitaja mbinu hii ya usimulizi, husema tashwiq, neno la ukoo mmoja na shauku yetu. Wao wameishika kwa upande wa shauku, sisi tukaishika kwa upande wa wasiwasi, na kwa maoni yangu Kiswahili kimechagua vizuri zaidi, kwa sababu mtoto anayesubiri Idi ana shauku lakini hana taharuki. Taharuki haikosi chembe ya hofu, na hofu hiyo huletwa na kile ambacho tayari tunakijua.

Hapo ndipo inapoachana na mshtuko na fumbo. Mshtuko hauhitaji ujue chochote: mlango unabamizwa, unaruka, yamekwisha. Fumbo hukuficha jibu na kukuacha ukikisia ni nani aliyetenda. Taharuki hukupa jibu, au sehemu yake kubwa, kisha ikakuweka usubiri.

Sioni mwongozaji wa Kitamil anayetufaa kulieleza hili kuliko Mysskin. Jina lake la kuzaliwa ni Shanmugha Raja. Hilo la Mysskin alilichukua kutoka kwa mwanamfalme Myshkin katika riwaya ya Dostoyevsky, mwandishi Mrusi. Alianza kuongoza mwaka 2006 kwa Chithiram Pesuthadi, akafuatisha Anjathe mwaka 2008, na tangu hapo amekuwa akirudi tena na tena kwenye hadithi za uhalifu. Anazijua mbinu zote tatu na hazichanganyi. Katika Yuddham Sei ya mwaka 2011, mikono ya watu iliyokatwa inaachwa ndani ya maboksi mahali pa hadhara. Huo ni mshtuko mwanzoni, kisha ni fumbo, na mpelelezi analifukuzia fumbo hilo huku dada yake mwenyewe akiwa hajulikani aliko. Katika Thupparivaalan ya mwaka 2017, mtoto anataka kujua ni nani aliyemuua mbwa wake, na kutoka swali hilo dogo inafunguka kesi kubwa. Hilo nalo ni fumbo.

Psycho ya mwaka 2020 ni jambo jingine kabisa. Muuaji tunaonyeshwa mapema, uso wake tunauona, hivyo hakuna cha kukisia. Anayemtafuta ili amwokoe mwanamke aliyetekwa ni kijana kipofu, naye anasaidiwa na mwanamke aliyekuwa askari ambaye sasa amepooza mwili. Sisi tunaona na yeye haoni. Kila hatua anayopiga tunaijua hatari yake kabla yake, na hatuna namna ya kumwonya. Mtu akiniuliza taharuki ni nini, humwelekeza hapo.

Turudi kwenye ile filamu ya kijana wetu, ya mwaka 2013, ambayo nayo ni ya Mysskin. Usiku, katika jiji la Chennai, mwanafunzi wa udaktari anamkuta mtu barabarani akivuja damu kwa jeraha la risasi. Hospitali haimpokei, kwa sababu jeraha la risasi ni kesi ya polisi. Anamchukua hadi nyumbani na kumpasua mwenyewe, huku mwalimu wake akimwelekeza kwa simu. Katika tukio hilo hakuna anayekimbizwa wala anayefyatua bastola. Kuna mikono ya mtu ambaye bado hajahitimu, kuna sauti kwenye simu, na kuna mambo mawili tuliyokwisha kuyajua: kwamba mgonjwa anaweza kufa pale pale, na kwamba akipona, aliyempa hifadhi ameshaingia matatani. Asubuhi mgonjwa hayupo, na polisi wanabisha hodi wakimtafuta muuaji. Risasi zinakuja baadaye, nazo zinatushtua kwa sababu tulikwisha kutaharuki.

Mtindo wa kamera ya Mysskin unaungana na hili. Hupenda kuishusha chini ikatazama miguu ya watu, na hupenda kuiacha mbali, imetulia, picha ikiendelea muda mrefu bila kukatwa. Wapo wanaolalamika kwamba inachosha. Mimi naona ndipo penye kazi yenyewe, kwa kuwa taharuki hula muda, na mhariri anayekata picha kila sekunde mbili anamnyima mtazamaji nafasi ya kuogopa. Miguu inakuja, uso hatujauona, kamera haisogei. Kinachosogea ni moyo wa aliyekaa kwenye kiti. Nadhani Mwarabu wa kale angelitambua neno lake hapo. Onaayum Aattukkuttiyum haina hata wimbo mmoja wa kuimbwa, jambo lisilo la kawaida katika sinema ya Kitamil, hivyo hakuna mahali pa kupumzikia. Kuna muziki wa mtunzi Ilaiyaraaja tu, unaotembea chini ya usiku huo.

Kijana yule hakukosea kuipenda. Ningemwomba tu, akiisifu tena, zile risasi aziite mapigano au mshtuko, na neno taharuki alitunze kwa ajili ya ile meza ya upasuaji, simu ikiwa wazi na mwanafunzi akisubiri kuambiwa akate wapi.