Maji ya mvua ya tangini: kabla hujayanywa

Maji ya mvua yanatoka mbinguni. Uchafu unatoka wapi?

Kwenye bati. Kinyesi cha kunguru na popo, majani, vumbi, mjusi aliyekufia kwenye mfereji: vyote huteremka na mvua ya kwanza, ndiyo maana hiyo huachwa imwagike. Wenye jabia, yaani birika la kukingia maji ya mvua, visiwani Lamu wanalijua hilo. Sakafu ya kukingia hufagiliwa kabla ya masika, na mbuzi hufukuzwa.

Bomba limekata siku ya nne, kipindupindu kimeingia mtaani, nina maji ya tangi tu. Nianzie wapi?

Usichote kwa kuzamisha mkono; tumia kata yenye mpini mrefu. Maji yakiwa yametibuka, yaache tope lishuke, kisha yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara kadhaa. Kuchuja hakumalizi vijidudu, ila hurahisisha kazi inayofuata.

Halafu chemsha. Yakishatokota kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda, dakika 1 inatosha. Ukiishi juu ya mita 2,000, kama Limuru, ziwe 3. Wanaochemsha nusu saa wanamaliza mkaa bure. Yapoe yakiwa yamefunikwa.

Mkaa umeisha. Jiki ya kufulia inafaa?

Inafaa ikiwa haina manukato wala sabuni. Soma chupa: ikiandikwa asilimia 5 hadi 9 ya hipokloriti, yaani dawa yenyewe ya klorini, tia matone 2 kwa lita, ikiwa asilimia 1, matone 10. Kwa ile kali, dumu la lita 20 litataka matone 40, yaani mililita 2 hivi. Bomba safi la sindano hupima vizuri. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu, dawa iwe maradufu. Ukinusa, isikike harufu hafifu ya klorini.

Chupa isiyoonyesha asilimia mimi nisingeigusa. Nunua vidonge vya klorini, na kidonge cha lita 20 usikitie kwenye jagi.

Na kuyaanika juani?

Yawe maangavu, kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, juani kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2 mfululizo.

Mafuriko yaliingia tangini, maji yananuka petroli. Nichemshe?

Hapana. Moto na klorini huua vijidudu. Petroli na dawa za shamba haziondoki hivyo. Yaache, utafute mengine, hata kama dumu linauzwa bei ya kuruka.