Kabla ya nyumba mwezini, tujenge kwanza pa kutua

Kazi yangu ni maabara ya udongo, barabara na misingi ya maghorofa basi, kwa hiyo watu wanashangaa nikianza stori za mwezini. Lakini kila ile michoro ya kambi ya mwezini ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, majumba ya duara yanang'aa, watu ndani na michicha yao, mi macho yanaenda chini. Naangalia udongo. Halafu najiuliza, hivi roketi iliyowashusha hawa imetua wapi, na vumbi lake limeishia wapi?

Chukua mchanga wa mto, ule wa Mpiji, ufikiche kwenye kiganja. Unateleza, sababu maji yameusugua miaka na miaka mpaka kona zimeisha. Sasa chukua vumbi la kokoto la Lugoba, limetoka kwenye krasha leoleo, lifikiche hivyohivyo uone linavyokwaruza. Mwezini hakuna maji yanayotiririka wala upepo, mawe yamesagwa na vimondo vikigonga tu kwa mabilioni ya miaka, kwa hiyo udongo wa kule, wataalamu wanauita regolithi, ni kama vumbi la kokoto limechanganywa na chupa iliyotwangwa, tena laini linapita kwenye kila mshono.

Desemba 1972, safari ya Wamarekani ya Apollo 17, mwanaanga Gene Cernan alikuwa na nyundo kwenye mfuko wa mguuni, akaikwaruzisha kwenye kigari chao na madigadi ya nyuma ikavunjika. Madigadi tu jamani! Gari likawa linawamwagia vumbi kichwani, kwenye vifaa, kila mahali. Ikabidi wachukue ramani nne za karatasi ngumu, wazibandike kwa seloteipu, wazibane pale na vibano, wakaendelea na safari kifundi kabisa. Mwenzake Harrison Schmitt, ambaye ni mjiolojia, aliporudi ndani ya chombo akavua kofia pua zikaziba kama mtu mwenye aleji ya vumbi. Na hao walikaa siku tatu tu, mpaka leo hakuna aliyekaa zaidi ya hapo, sasa we unaongelea kambi ya kudumu, watu kupokezana miezi na miezi.

Lakini kesi inayonifanya mi niseme uwanja wa kutua uje kabla ya nyumba ni ya Apollo 12. Novemba 1969 walitua kama mita 160 kutoka kilipokuwa chombo kingine cha Marekani, Surveyor 3, kilichokuwa pale tangu 1967. Wakakiendea kwa miguu, wakakata kamera yake wakaja nayo duniani. Kuicheki, kumbe imepigwa mchanga! Moshi wa injini yao wakati wanatua ulirusha punje na zikaenda kuichubua kabisa, kama gari linavyopigwa mchanga gereji kutoa rangi ya zamani. Kule hakuna hewa ya kupunguza mwendo wa punje, ikirushwa imerushwa. Na chombo chao kilikuwa kidogo, vinavyopangwa sasa ni vizito mara nyingi zaidi. Kila mzigo ukija unawapiga majirani mchanga, paneli za sola, vioo, milango. Ile mikataba ya Artemis, ya nchi kukubaliana jinsi ya kufanya kazi mwezini, ambayo Rwanda na Nigeria walisaini Desemba 2022 ina kipengele cha kutangaza maeneo ya usalama ili watu wasiingiliane, na mi nikikisoma naona vumbi tu.

Sasa huo uwanja unajengwaje? Zege la kawaida sahau. Saruji uibebe kutoka duniani, kilomita 384,000, halafu maji ukiyamwaga pasipo na hewa yanachemka na kupotea kabla saruji haijashika, na sisi huku tunamwagilia zege siku saba na bado linapasuka. Njia inayoonekana ina maana ni kuuchoma udongo wenyewe, ukifika kama nyuzi 1,100 punje zinaanza kushikana kama tofali la kuchoma. Mwaka 2023 watafiti wa shirika la anga la Ulaya, ESA, waliyeyusha udongo wa kuigiza kwa leza wakatoa vigae vya pembetatu vinavyoshikana, upana kama sentimita 20. Nilicheka sana kuona picha. Ni pevingi! Zile tunazopanga nje ya maduka, wanataka kuzipeleka mwezini.

Kushindilia nako kuna vituko. Juu sentimita chache ni unga, ndo maana nyayo zilichoreka vizuri vile, lakini ukishuka kidogo tu udongo umeshikana kuliko kazi yoyote niliyowahi kuipima, vimondo vimeutikisa na kuupanga kwa muda ambao hakuna kompakta itaufikia. David Scott wa Apollo 15 alihangaika na drili mpaka akachoka, haishuki. Halafu uzito wa kule ni moja ya sita ya huku. Katapila la tani 20 linakaa chini kama la tani 3 na kitu, ukilazimisha bledi, lile koleo la mbele, iingie linajiinua lenyewe au matairi yanazunguka tu bure. NASA, shirika la anga la Marekani, wana kiroboti kinaitwa RASSOR, kina madramu mawili, la mbele na la nyuma, yanachimba yakizunguka kinyume ili nguvu zao zifutane, yaani hakitegemei uzito wake. Hapo nawavulia kofia.

Nyumba zenyewe sitaongea sana, zitafukiwa. Mita mbili tatu za kifusi juu, kwa sababu mionzi kule ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kituo cha anga cha kimataifa, chombo cha China Chang'e 4 kilishapima. Yale madirisha makubwa ya kwenye michoro ni ya kuuzia tu.

Eneo wote wanaligombania moja, ncha ya kusini. Sehemu nyingine usiku ni wiki mbili, baridi inaua betri. Chombo cha India, Vikram, kilitua Agosti 23, 2023, usiku ukaja kikalala na hakikuamka tena. Ncha ya kusini jua linazunguka chini chini kwenye upeo, kwa hiyo kingo za juu za kreta, yale mashimo ya vimondo, kama Shackleton zinapata mwanga karibu mwaka mzima, sola inafanya kazi. Na chini kwenye makreta ambako jua halijawahi kufika kuna barafu.

Hapo ndo tunafika kwenye faida. Wale wa heliamu-3, gesi wanayotaka iwe fueli ya nyuklia, wanaosema itatulipia kila kitu mi siwasikilizi, ni chembe kidogo mno kwenye udongo na mtambo wa kuitumia hakuna bado. Ya darubini za redio upande wa nyuma wa mwezi, ambako kelele za redio zetu hazifiki, hiyo naikubali asilimia mia. Lakini kubwa ni barafu: unapata maji ya kunywa, oksijeni, na ukitenganisha haidrojeni na oksijeni una mafuta ya roketi, na kutoka mwezini unahitaji kilomita 2.4 kwa sekunde badala ya 11.2 za hapa duniani.

Ila kuitoa ni kuchimba tena, gizani, chini ya nyuzi hasi 200. Chuma cha kawaida kwenye baridi hiyo kinavunjika kama kioo na grisi inakuwa jiwe. Mwaka fulani tulikuwa na katapila Makete, mwezi wa saba, asubuhi kama nyuzi 4 hivi, tukawasha moto wa kuni pembeni ya injini mpaka saa tatu ndo likakohoa.