Bei ya gari la Dinky si amri

Wengi wetu tulio Uingereza tunaamini kupatana bei ni mambo ya Kariakoo na Gikomba, na kwamba kwa Wazungu bei iliyoandikwa ndiyo hiyo hiyo. Kwenye maduka makubwa, sawa. Kwenye maonyesho ya vichezeo vya zamani, si kweli hata kidogo. Muuzaji wa magari ya Dinky, yale madogo ya kuchezea yaliyotengenezwa Liverpool hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1979, mara nyingi ameacha nafasi ya kupunguza. Kumuuliza bei ya mwisho si kumtukana.

Kinachomuudhi ni mteja anayeponda mali ili aishushe bei. Kasoro za gari lake anazijua kukushinda. Kagua kwanza kwa utulivu: rangi ni ya kiwandani, au limepakwa upya? Matairi ni yake ya asili? Boksi lipo? Boksi la asili laweza kuongeza thamani mara kadhaa, kwa hiyo usilipe bei ya gari lenye boksi kwa lisilo nalo. Kisha taja kiasi unachoweza kutoa kweli. Ukichukua mawili matatu kwa pamoja na kulipa taslimu, muuzaji hupunguza kwa urahisi zaidi. Akikubali, lipa, usianze kuomba upya.