Usiikague seva kama dalali wa magari

Nimeletewa ripoti nyingine. Ni ya tatu mwaka huu, na zote zinafanana kama zimetoka tumbo moja: jalada la bluu, nembo ya kampuni ya ukaguzi, kisha jedwali refu lenye mistari myekundu. Mteja wangu, mama mwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, alinipigia saa moja asubuhi, chai yangu bado ya moto.

"Kaka, hawa watu wanasema seva ina matundu 23. Si uliniambia unaisasisha kila wiki?"

Naisasisha, mama. Naomba unitumie hilo faili.

Mstari wa kwanza: OpenSSH 9.2p1 (programu ya kuingilia seva kwa mbali), hatari kubwa, CVE-2024-6387 (namba rasmi ya tundu la usalama), pandisheni mara moja hadi 9.8. Wa pili hivyo hivyo kwa programu nyingine, na wa tatu. Kati ya matundu 23, 20 yalikuwa hadithi moja: namba ya toleo ni ndogo, basi programu ni mbovu. Nimeijibu hoja hii kwa barua pepe, kwa simu, na mara moja kwa kuchora kwenye karatasi ya chipsi. Leo naiandika hapa ili safari ijayo nitume kiungo tu, niendelee na chai.

Kazi yangu ya mchana ni kutunza seva za watu. Ya usiku, isiyo na mshahara, ni kutunza vifurushi vichache, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, vya Debian, mfumo endeshi wa bure unaotumika kwenye seva nyingi, ikiwemo ya mama. (Hapa mjini ukisema unatunza vifurushi, mtu anakuomba GB 2 za wiki. Siyo hivyo.) Kwa hiyo nikisikia "Debian wanawapa watu programu za zamani zenye matundu," nasikia kama mpishi anayeambiwa na mgeni, ambaye hajaonja, kwamba ugali umelala.

Tuanze na magari. Mtanzania yeyote anajua kusoma namba ya gari. Namba A ni babu, namba D ana nafuu, namba E bado lina harufu ya meli. Dalali anakutajia bei kabla hata hajafungua boneti. Lakini hebu fikiria namba hiyo inasema nini hasa. Haisemi gari lilitengenezwa lini. Inasema lilisajiliwa lini hapa nchini. Breki zake zilibadilishwa juzi au hazijaguswa miaka sita? Hapo namba imenyamaza kimya. Nenda gereji yoyote ya mjini inayohudumia magari ya watalii uone Land Cruiser namba A iliyofunguliwa injini, springi mpya, breki mpya, inashuka kreta ya Ngorongoro kila siku ya Mungu. Pembeni yake namba E imekalia mawe, inasubiri kipuri.

9.2p1 ni namba ya gari. Inasema OpenSSH ilisajiliwa kwenye Debian 12 mwanzoni mwa 2023, basi. Jina kamili la kifurushi kilichoziba tundu la CVE-2024-6387 ni hili:

1:9.2p1-2+deb12u3

Kile 1: cha mwanzo ni kumbukumbu ya zamani ya mpangilio wa namba, kipite. 9.2p1 ni kazi ya watu wa chanzo, yaani wenye OpenSSH yao. 2 ni mara ngapi sisi tulikifunga kifurushi juu ya msimbo huo. Kisha deb12u3: marekebisho ya tatu yaliyofanywa ndani ya Debian 12. Breki mpya zimeandikwa hapo, kwenye mkia ambao mashine ya mkaguzi haikuusoma. Seva ya mama ilikuwa imeshaipita u3 siku nyingi.

Na tundu lenyewe lina kichekesho chake. CVE-2024-6387 lilitangazwa tarehe 1 Julai 2024 na watu wa Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta. Lilikuwa ni kosa la 2006 lililoshazibwa, likarudishwa bila kukusudia kwenye toleo la 8.5p1, na likakaa humo hadi 9.8p1. Sasa, 8.5 ilitoka Machi 2021, wakati Debian 11 imeshaanza kugandishwa, yaani kufungiwa mabadiliko, kwa ajili ya kutolewa. Ikabaki na 8.4p1. Kwa hiyo siku dunia nzima inakimbizana kuziba, mwenye seva ya Debian 11, "kikongwe" kile, hakuwa na la kuziba. Tundu halikuwahi kuwamo. Mkaguzi anayepanga hatari kwa ukubwa wa namba angempa huyu alama mbaya kuliko wote.

Miezi michache kabla ya hapo, Machi 29 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 kuna mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Aligundua kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, na yeye ni mtu asiyevumilia nusu sekunde. Sisi tunaopenda vipya, kwenye sid (ghala la Debian la vifurushi vipya kabisa) na kwenye foleni ya majaribio, tulikuwa nayo tayari. Toleo thabiti, lile linalowekwa kwenye seva, lilikuwa na 5.4.1, limelala salama.

Sasa "si mpandishe tu hadi toleo jipya?" Nitapita haraka. Kifurushi kipya kinaingia sid. Kikikaa siku chache, kwa kawaida 5, bila hitilafu nzito na bila kuvunja majaribio ya wenzake, kinahamia foleni ya majaribio. Kila baada ya miaka 2 hivi tunagandisha: kwanza yale mabadiliko makubwa ya maktaba, kisha vifurushi vipya, mwisho karibu kila kitu. Debian 13 ilianza kugandishwa Machi 15 2025 ikatoka Agosti 9, ikiwa na vifurushi 69,830. Baada ya hapo, ahadi yetu kwa mwenye seva ni kwamba hakuna kitakachobadilika tabia mikononi mwake. Ukimpandishia programu toleo zima ili kuziba tundu moja, unamletea pia mipangilio iliyobadilishwa majina, chaguo zilizofutwa na hitilafu mpya ambazo bado hazina namba ya CVE. Ndiyo maana tunachukua kiraka peke yake, yaani ile mistari ya msimbo inayoziba tundu, na kukishona kwenye msimbo wa zamani.

Kushona huko ndiko nilikotaka kufika, kwa sababu wanaotutetea nao wanakurahisisha mno. Wanasema "wanarudisha tu kiraka," kana kwamba ni kubandika sabuni kwenye tangi linalovuja.

Nina maktaba moja ndogo ya kusoma faili za picha. Siku moja likatangazwa tundu: faili inaleta urefu wa uongo, programu inanakili kupita mwisho wa nafasi iliyotengwa. Watu wa chanzo wakatoa kiraka chenye mistari isiyofika 20. Nikakaa nacho usiku, nyumbani Sakina, umeme umekatika, nategemea betri ya laptop na bando la simu.

Hunk #3 FAILED at 212.

Vipande viwili kati ya vitano vilishika. Vitatu vikakataa, maana katika toleo jipya wale jamaa walikuwa wamehamishia kazi ile kwenye faili nyingine. Sawa, nikavishona kwa mkono. Kikajengeka bila kelele, majaribio yote yakapita. Nilikuwa nakaribia kukipakia.

Kilichonizuia ni neno moja. Kiraka kilikuwa kinauliza: urefu umezidi kikomo? Kama umezidi, kataa. Kule kwenye toleo jipya, urefu unahifadhiwa katika aina ya namba isiyokubali hasi. Kwenye toleo langu la zamani ilikuwa int ya kawaida, inayokubali hasi. Maana yake faili ikileta urefu wa -1, swali linajibiwa "hapana, -1 haijazidi kikomo," inapita mlangoni inacheka, na ikifika kwenye kunakili inageuka kuwa namba kubwa kupindukia. Kiraka changu kilikuwa kimeshika, kimejengeka, kimepita majaribio, na hakijaziba kitu. Na ningekipakia hivyo, mkia wa toleo ungesomeka vizuri tu, na mimi ningekuwa mtu wa kwanza kumwambia mkaguzi "soma mkia!"

Nikaongeza ukaguzi wa namba hasi. Nikatengeneza faili mbovu yangu mwenyewe kwa sababu ile ya wagunduzi wa tundu haikuwa hadharani. Nikawaandikia watu wa chanzo kuuliza kama nimeelewa sawa. Jibu likaja kesho yake, sentensi moja: toleo hilo hatulitunzi tena. Nikapakia. Hadi leo sijui kwa uhakika kamili kama njia zote za kufikia kosa lile nimezifunga. Naamini nimezifunga. Kuamini na kujua si kitu kimoja.

Kuna wanaonichunga, nashukuru. Marekebisho madogo yasiyo ya dharura hupitia timu ya matoleo, na wale husoma kila mstari uliobadilika. Katika kiraka kile kile nilikuwa nimesahihisha tahajia ya maelezo fulani ndani ya msimbo. Nikarudishiwa: hii imefuata nini humu? Nilinuna siku mbili. Walikuwa sahihi.

Tena historia inatusuta. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ndani ya Debian aliondoa mistari iliyokuwa inalalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa inaleta ubahatishaji wa kutengenezea funguo. Kilichobaki cha maana ni namba ya mchakato, ambayo kikomo chake cha kawaida kilikuwa 32,768. Funguo za siri za watu zikawa za kuhesabika, na iligundulika Mei 2008. Msimbo wa watu wa chanzo ulikuwa mzima. Sisi ndio tuliouharibu. Kwa hiyo mkaguzi akiniambia "siamini viraka vyenu," hapo tutakaa tuzungumze, nitaagiza na kahawa. Hiyo ni hoja. "9.2 ni ndogo kuliko 9.8" siyo hoja, ni hesabu ya darasa la tatu.

Vivinjari havifuati utaratibu huu, kabla hujaniandikia. Chromium tunaipandisha toleo zima ndani ya toleo thabiti, na Firefox inaruka kutoka ESR (toleo lake la huduma ndefu) moja kwenda nyingine, kwa sababu hakuna binadamu wa kujitolea anayeweza kushona viraka vya kivinjari kwa mwendo ule.

Basi nikamjibu mkaguzi. Nilimwomba aendeshe amri ya apt changelog openssh-server, inayoonyesha historia ya mabadiliko ya kifurushi, atafute namba ya CVE humo, au aifungue kwenye security-tracker.debian.org, ambako kila toleo limeandikwa kama lina tundu, limezibwa au halikuguswa kabisa. Data hizo zinatolewa bure hata kwa muundo wa OVAL, mashine yake izisome yenyewe. Alikuwa kijana mstaarabu, nikiri. Akajibu: "Shikamoo mzee, lakini mfumo wetu unaangalia seva kwa nje tu." Mzee! Nina miaka 41.

Na yale matundu matatu yaliyobaki? Yalikuwa ya kweli. Cheti cha printa kilichokwisha muda, hilo tuliache. PHP iliyojengwa kwa mkono ndani ya /usr/local na kijana aliyewatengenezea tovuti, ambayo apt, kisakinishi cha Debian, haijui hata kama ipo. Na kompyuta ya kamera katika ofisi yao ndogo ya Usa River, bado ina Debian 10, ambayo hata huduma yake ya muda mrefu iliisha Juni 30 2024. Kwenye ripoti, hiyo ilikuwa mstari wa 19, rangi ya njano, chini kabisa ya OpenSSH yangu nyekundu. Niliisahau mimi. Kulikuwa na la nne pia ambalo ripoti haikuliona: seva kuu ilikuwa na maktaba ya OpenSSL iliyosasishwa vizuri, lakini huduma moja haijawahi kuanzishwa upya, kwa hiyo kwenye kumbukumbu ilikuwa bado inatumia ile ya zamani. Kifurushi kipya kwenye diski, tundu la zamani likiwa hewani. needrestart, programu inayotaja huduma zinazohitaji kuanzishwa upya, ingeniambia kama ningeisikiliza.

Jambo moja likawa linanisumbua. Kwa kawaida OpenSSH ya Debian ikisalimia mgeni hujitambulisha na mkia wake wote, Debian-2+deb12u na namba yake. Mashine ya mkaguzi ingeuona hata kwa nje. Kwa nini haikuuona? Nikafungua sshd_config, faili la mipangilio ya OpenSSH, la seva ya mama. Mstari wa chini kabisa:

DebianBanner no

Juu yake maelezo mafupi kwa mkono wangu mwenyewe: nimeuzima kufuatana na ripoti ya ukaguzi, kwa sababu seva "inatoa taarifa nyingi mno."

Nikaufuta, nikaanzisha huduma upya, nikamwomba kijana apime tena. Ripoti mpya ilifika Ijumaa. Ule wekundu wa OpenSSH umeondoka. Mahali pake kuna mstari wa njano: seva inatangaza aina ya mfumo wake, tunashauri ifichwe.