Barabara zetu kwenye picha: dhana potofu zinazoipotezea Goma kumbukumbu

Dhana: Picha ya kuhifadhi ni ile ya siku kubwa.

Hii ndiyo imetuumiza kuliko zote. Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, imepigwa picha sana, lakini mara nyingi ni siku inapowaka au watu wanapokimbia. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka, lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Ikaangamiza kanisa kuu la Wakatoliki, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Picha za moto ule zipo tele. Sasa tafuta picha ya barabara hiyohiyo wiki moja kabla: duka la buluu, mti wa kivuli, mama mwenye beseni la ndizi mbele ya famasi. Utahangaika. Na hiyo ndiyo picha wazee wanayoiulizia. Moto wanaukumbuka bila kusaidiwa; wanachobishania ni mlango wa duka ulikuwa upande gani.

Tena Goma ina jambo ambalo miji mingi haina: ardhi yenyewe imepanda. Pale lava ilipopita, iliganda kwa unene wa mita moja, mbili, mahali pengine zaidi, na watu wakajenga juu yake. Kuna nyumba za ghorofa ambazo vyumba vya chini vilizikwa, vya juu vikawa ndivyo vya kuingilia. Mtoto aliyezaliwa baadaye anaona barabara tu. Bila picha ya zamani hawezi kujua kwamba anatembea juu ya dirisha la mtu.

Ndiyo maana nawaomba vijana wenye simu wapige picha za kuta. Nyumba ya mbao juu ya mawe, ukuta wa mawe meusi ya volkano, kisha jumba la simenti na vioo: kuta hizo tatu zinaweza kupokezana kiwanja kimoja mbele ya macho yako, na siku ukuta wa tatu unapoingia hakuna tena anayekumbuka ule wa kwanza. Piga pia chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kusukuma, likiteremka na magunia ya makaa. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara inatukumbusha kwamba chukudu ni letu, lakini haituonyeshi limebeba nini leo, wala aliyelisukuma amevaa nini miguuni.

Dhana: Picha haidanganyi.

Haidanganyi, ila haisemi yote. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, barabara iliyojaa watu na magari ya farasi. Kwenye picha ni tupu. Kamera yake ilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, hivyo kila aliyekuwa akitembea alifutika. Anayeonekana wazi ni mtu aliyesimama akipigwa viatu rangi. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha, kwa sababu tu alitulia.

Kwetu, mtu akipiga barabara asubuhi ya salongo, yaani usafi wa pamoja wa mji, maduka yakiwa yamefungwa, mgeni atadhani mji umekufa. Na usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka tena, picha za anga jekundu zisizo na saa wala mahali ziliwafanya watu waamini kwamba lava imekwisha kufika katikati ya mji. Ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Dhana: Lazima kamera kubwa.

Hapana. Simu inatosha ukisimama mahali palepale kila mwezi.

Dhana: Barabara ni ya wote, basi na uso wa mtu ni wa wote.

Mama mmoja wa soko la Virunga aliniuliza: «Ile foto unaipeleka wapi, mwanangu?» Lilikuwa swali la haki. Wengi wamekuja kutupiga picha tukilia, wakaondoka nazo. Nilimweleza, nikamwonyesha, nikafuta moja aliyoikataa. Wengine wanasema ukiomba ruhusa picha inaharibika. Kaa pale robo saa: wateja watamrudia, mikono itarudi kwenye mihogo, na picha utaipata akiwa yeye mwenyewe. Katika mji kama wetu uso uliosambazwa unaweza kumletea mtu hatari, kwa hiyo kuna picha nzuri nimeziacha bila kuzipiga. Askari, mpaka na uwanja wa ndege usiviguse kabisa.

Dhana: Nimeituma kwenye WhatsApp, haitapotea.

Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huipunguza ukubwa na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, pamoja na tarehe iliyopigwa. Baada ya kutumwa mara tano, umebaki na barabara isiyo na jina wala mwaka. Eugène Atget, mpiga picha wa Paris, hakujiita msanii. Aliuza picha zake kama nyaraka, akazipa namba na majina ya mahali. Mwaka 1920 serikali ya Ufaransa ilinunua kwake vioo zaidi ya 2,500 alivyonasia picha za Paris ya zamani, na mpaka leo vinasomeka kwa sababu mahali panajulikana.

Nami nina picha moja tu ya mama yangu kabla ya volkano ile. Nyuma yake baba aliandika kwa biki: «Karibu na Kanyamuhanga, Julai 1999, tunatazama mlima.» Kanyamuhanga ni barabara ya katikati ya mji. Kwa maneno hayo nilipatafuta, nikapapata, nikageukia mlima na kupiga yangu. Nilikuwa nimesimama juu kidogo ya pale alipokuwa amesimama yeye.