Je, wajua mchumi Lawrence Klein alijuaje kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia hela itamwagika?

Pale Kibaigwa, Dodoma, msimu wa mahindi ukifika, anayecheka mapema ni muuza mabati. Mkulima mwaka mzima paa linavuja kaweka sufuria chini, baiskeli haina tairi, na kila kitu jibu ni "tukishavuna", sasa siku magunia yakishapimwa na hela imeshikwa, hayo yote yanakumbukwa kwa mpigo. Muuza mabati aliyeagiza mzigo mwezi mmoja kabla, huyo ndo kapiga hesabu.

Hesabu ya aina hiyo ndo ilimjenga Lawrence Klein, Mmarekani aliyezaliwa Omaha mwaka 1920, akachukua udaktari wa uchumi chuo cha MIT 1944 chini ya mchumi Paul Samuelson. Vita vya pili vinaelekea ukingoni, wachumi kibao wanasema viwanda vya silaha vikifungwa na askari mamilioni wakirudi hawana kazi, balaa la miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na kazi zikapotea, linarudi palepale. Klein, kijana tu wa miaka ishirini na kitu, akakataa. Yaani tangu 1942 magari ya raia hayatengenezwi, sukari na petroli ni kwa kadi za mgao, ila watu wako kazini wanalipwa na hela wanaiweka, nyingine kwenye hati fungani, yaani wanaikopesha serikali. Wote walikuwa kwenye "tukishavuna". Vita vikaisha, watu wakanunua kweli kweli.

Ila hakubahatisha, maana hata mganga anaweza kupatia mara moja. Yeye aliandika uchumi kama milinganyo inayolishana: mshahara unaleta matumizi, matumizi yanaleta faida, faida inaleta uwekezaji, uwekezaji unarudi kuwa mshahara, na unaikokotoa yote kwa pamoja kwa takwimu halisi. Milinganyo hiyo kwa pamoja ndo huitwa modeli. Modeli yake ya 1950 ilitumia data za 1921 hadi 1941, halafu 1955 akatoa kubwa zaidi na mchumi mwenzake Arthur Goldberger. Katikati hapo akasakamwa kwa sababu ujanani aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, akahamia Oxford, 1958 akarudi Marekani kufundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na 1980 wakampa Nobeli ya uchumi.

Sasa mafuta yalivyopanda 1973, bei juu na kazi hakuna kwa wakati mmoja, modeli hizi zikayumba. Mchumi Robert Lucas akaja 1976 na hoja ambayo mimi naona inauma kweli: watu wakishaijua sera, wanabadili tabia, kwa hiyo data za jana zinakudanganya. Na hilo Kibaigwa wanalijua bila milinganyo, mkulima akishaona mara moja mahindi yanazuiwa kwenda nje bei ikipanda, msimu unaofuata anauza mapema au anaficha ghalani, na wewe uliyepiga hesabu kwa bei ya mwaka jana unabaki na mabati yako.